Mwendo wa Sailensa

Jumanne, 15 Machi 1994
Dereva: mimi. Safari: hakuna. Mvua tangu alfajiri.

Miaka kumi na minane niliendesha magari ya serikali hapa Tukuyu, na kila jioni nilijaza kitabu cha safari: dereva, safari, mzigo, abiria. Mwaka jana tulipunguzwa kazi, watu ishirini na wawili kwa barua moja. Kiinua mgongo nilikipeleka kwenye mnada wa magari chakavu, nikanunua Landrover ileile niliyokuwa nikiiendesha, ile ya nyuma wazi. Watu walicheka kwamba Maulidi kaachwa na serikali akaoa mjane wake. Chini ya kiti nilikuta kitabu cha safari kitupu. Ndicho hiki. Mkono umezoea kuandika, siwezi kuukataza.

Leo nimekwenda hospitali, na nyumbani nimesema nakwenda kutafuta plagi. Ramadhani nzima nilikuwa nikifuturu kwa maji ndoo nzima, na mguu wa kulia umekuwa mzito kama si wangu. Daktari kanilaza chali, mimi nikawa nahesabu mabati ya dari. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamuuliza nisikie nini. Akanionyesha pini aliyokuwa akinichomea unyayo.

Kisukari. Kasema nisiendeshe gari mpaka sukari ishuke na mguu uonekane unaelekea wapi, na kila siku niutazame unyayo kwa kioo kama msichana. Kadi nimeitia mfuko wa ndani wa koti. Mke wangu Biubwa sijamwambia. Mwanamke akijua una ugonjwa, hata ukikohoa kwa vumbi atakutandikia kitanda.

Nitaendesha kidogokidogo.

Alhamisi, 17 Machi
Dereva: mimi. Safari: Masoko na kurudi. Mzigo: mikungu 52 ya ndizi. Tope.

Kwa yeyote atakayekiokota kitabu hiki, nieleze jinsi tunavyopakia Masoko wakati wa masika. Wakulima huweka mikungu yao kando ya barabara, kila mtu mbele ya nyumba yake. Kusimama huwezi. Ukisimama kwenye tope lile magurudumu yanazama, na kulitoa gari ni kazi ya kijiji kizima na mbalaga, ndizi zetu za kupika, za kuwalisha. Kwa hiyo hatusimami. Naweka gia ndogo, namba moja, naachia klachi taratibu, kisha naondoa mguu kwenye mafuta kabisa. Injini haizimi. Inabaki kwenye ule mzunguko wa chini tunaouita sailensa, na gari linatambaa lenyewe kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni.

Michirizi ya magurudumu barabara ile ina kina cha kufika muundi, gari likishaingia humo halipindi kulia wala kushoto. Basi mimi hufungua mlango, nikashuka, nikaliacha liende. Natembea kando yake, namwinulia mkungu Ackson aliye nyuma, yeye anapanga. Tukimaliza nyumba tano sita narukia ndani. Watoto hupiga makofi. Wazee wa Masoko huwaambia wageni kwamba Maulidi ana gari lenye akili.

Ackson ni mtu mzima mwenzangu, alikuwa mchuma chai kabla hawajapunguza vibarua. Haongei sana, ila hajawahi kuvunja kichane.

Jumatatu, 21 Machi
Mikungu 47. Mvua. Chai ya jioni haina sukari ya kutosha.

Alhamisi, 24 Machi
Mikungu 50. Nimemwambia Biubwa kuhusu chai. Kasema sukari imepanda. Zamani sukari tuliipangia foleni kwa kibali, leo imejaa hadi duka la muuza mafuta ya taa, na mke wangu ndiyo kwanza ameanza kuifanyia mgawo. Miaka ishirini na minne ya ndoa sikujua kuwa nimeoa bahili.

Jumamosi, 26 Machi
Unyayo nimeutazama kwa kioo cha gari. Mzima. Daktari aliogopesha tu.

Jumanne, 5 Aprili
Ackson kaja baada ya Pasaka, kavaa shati jipya, kanishika mkono kwa mikono miwili, nikajua. Majani ya chai yamechipua kwa mvua hii na shambani wamemwita arudi. Mke wake Tusekile kafurahi. Nami nimemwambia nimefurahi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini sasa nani atapanga ndizi?

Alhamisi, 7 Aprili
Dereva: mimi. Abiria: Biubwa.

Ndiyo. Asubuhi nimemkuta amekwisha kaa ndani ya gari, kajifunga kanga mbili na kuvaa mabuti ya mvua ya Nahla binti yetu, aliyoyaacha alipokwenda kusoma ualimu Mbeya. Nikamuuliza safari ya wapi. Kasema Masoko, kwani gari hili linakwenda pengine? Nikamweleza kwamba kazi ile si ya mwanamke wa mjini, babu yake hakutoka Bagamoyo kuja huku ili mjukuu apande juu ya ndizi. Kajibu kwamba babu yake alitoka Bagamoyo kwa miguu, akiwa na mzigo kichwani.

Nilijua kilichomleta: kachoka kukaa na cherehani, anataka kuona faida inakopotelea. Sawa, na aone.

Kapanga mikungu 44 bila kuvunja kichane.

Jumatatu, 11 Aprili
Mikungu 55. Wanawake wa Masoko wanamtolea Biubwa ndizi nzuri zaidi kuliko walivyokuwa wakinipa mimi. Bibi Atupokile, wa nyumba ya mwisho kabla ya mteremko wa daraja, ambaye masikio yake yamechoka na Kiswahili chake lazima akitafute kwanza, tena z zake zote ni s, alimshika mashavu akamwambia "ndaga fijo" mara nne. Mimi hajawahi kunishukuru hata mara moja. Kurudi, Biubwa aliniuliza kwa nini gari linakwenda wakati sijakanyaga kitu. Nikamweleza sailensa. Nilifurahi kueleza, sikatai.

"Na likikutana na mtu?" aliuliza.

Nikamwambia mwendo ule hata kuku anaupisha.

Alhamisi, 14 Aprili
Sijui niandike nini. Niandike kweli.

Tulipokaribia sokoni Tukuyu, kwenye mteremko, lori lilisimama mbele yangu. Nikakanyaga breki. Gari likanguruma likaenda mbele. Nikatazama chini. Mimi, dereva wa karibu miaka ishirini, nikainamisha kichwa kuutafuta mguu wangu ulipo, na nikaukuta umelala juu ya mafuta. Niliuinua kwa mkono, nikauweka kwenye breki kama mtu anayehamisha kiatu. Tulisimama shibiri moja nyuma ya lori.

Biubwa alishika kitasa cha mlango mpaka tukafika nyumbani. Mimi nilisema breki zimeingia maji.

Jumatatu, 18 Aprili
Mikungu 49. Nimegundua njia. Nikibaki gia ndogo na sailensa, mguu wa kulia hauna kazi. Klachi ni ya mguu wa kushoto, na huo ni mzima. Leo nimetoka Masoko hadi karibu na lami hivyohivyo, mafuta nimegusa mara mbili tu. Tumechelewa, lakini ndizi haziwahi treni.

Biubwa kanitania kwamba siku hizi gari linatembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Halafu akauliza pedeli hizi tatu ni za nini na nini. Nikamwambia. Akauliza nikitaka lisimame bila pedeli nafanyaje. Nikamwambia unalinyima moto, unazungusha ufunguo, basi. Maswali yake yamezidi. Na chai imekuwa maji ya kuoshea vikombe.

Alhamisi, 21 Aprili
Mikungu 51. Mvua ya mawe. Sukari hakuna kabisa sasa, ananipa chai na kipande cha muhogo. Bahili wa kwanza ambaye yeye mwenyewe pia anakunywa hivyohivyo, anakunja uso na kumeza.

Jumatatu, 25 Aprili
Mvua. Hatukwenda.

Jumamosi, 30 Aprili
Naandikia hospitalini, kitabu kaniletea Biubwa. Nitaandika ya Alhamisi, tarehe 28.

Tulifika Masoko saa nne. Mvua ilikuwa ile isiyo na haraka, inayopiga majani ya migomba mpaka husikii la mwenzako. Niliweka gia ndogo, namba moja, nikaachia klachi, nikashuka. Biubwa alikuwa nyuma juu ya ndizi. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila kitu kama siku zote. Nilikuwa hata nikiimba.

Kati ya nyumba ya nne na ya Bibi Atupokile nilianguka. Sikuteleza. Niliuweka mguu, nikauegemea, na haukuwapo. Nilipojiinua niliona ndara ya kulia imebaki nyuma kwenye tope, na sikujua imenitoka saa ngapi. Gari lilikuwa limenipita hatua kumi.

Nilicheka kwanza. Hatua kumi kwa mwendo ule ni nini? Nikasimama, nikachechemea, nikaanguka tena. Hatua kumi na tano. Ndipo nilipotazama mbele.

Bibi Atupokile alikuwa ameinama katikati ya mchirizi. Alikuwa ametupa mgongo, anafunga mikungu yake kwa maganda makavu ya mgomba. Mvua inamiminika, masikio yake ndiyo yale. Nyuma yake linakuja gari lenye akili.

Niliita. Niliita jina lake, nikamwita Mungu, nikamwita Biubwa. Nimeendesha malori yenye tani saba kutoka Mbeya kwenye ukungu, nimepita milima ambayo wenzangu wamefia, na siku hiyo nilishindwa kulifikia gari ambalo mtoto anayejifunza kutembea angelipita. Nilitambaa kwa magoti. Lenyewe lilikuwa likitambaa, mimi natambaa, na lilikuwa likinishinda. Halikuwa na haraka yoyote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi: nilipata muda wa kuyaona yote kabla hayajatokea.

Biubwa alikuwa akigonga paa kwa kiganja. Bibi hakusikia. Basi mke wangu, umri wa miaka arobaini na mitatu, akaruka kutoka juu ya ndizi akatua kwenye tope kwa mikono na magoti. Akainuka. Kanga moja ilibaki ikining'inia kwenye bodi. Alilikimbilia gari kwa upande wa dereva, mlango nilikuwa nimeuacha wazi kama kawaida yangu, akaingiza nusu ya mwili.

"Klachi!" nilipiga kelele, "klachi!" Na hapohapo nikakumbuka kwamba klachi nilimtajia kwa mdomo tu, hajawahi kuikanyaga.

Hakugusa klachi. Alizungusha ufunguo.

Sikuwahi kusikia kimya kama kile. Bampa lilikuwa limeugusa mkungu wa mwisho, mkungu umemgusa bibi mgongoni. Aligeuka taratibu, akalitazama gari, akanitafuta mpaka akaniona mimi chini tope hadi kifuani.

"Nimeshasema nitausa, Maulidi," alisema. "Mbona unanisukuma tena?"

Nililia. Wanawake wa nyumba za jirani walitoka, na wote waliona, na sikuweza kuacha. Biubwa alikuja akaketi kwenye tope, akauweka mguu wangu mapajani mwake. Kigingi cha mwanzi kilikuwa kimeingia unyayoni urefu wa kidole, na nilikuwa nimetembea nacho tangu sijui wapi. Alikichomoa huku akinitazama usoni. Uso wangu haukubadilika, kwa kuwa sikusikia chochote, na hapo ndipo na yeye akalia.

"Tangu lini unajua?" nilimuuliza.

"Tangu mfungo, Baba Nahla. Ulikanyaga kaa la moto jikoni, ukasimama juu yake ukiulizia futari. Kadi yako nimeisoma hata sijui mara ngapi."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Halafu Ackson akaondoka, nikaona nikiendelea kungoja nitakuja kuambiwa na watu."

Nikauliza kitu cha kijinga kuliko vyote. "Na sukari?"

"Na sukari," alisema.

Mara mbili nimemwita bahili katika kitabu hiki, kwa wino. Sifuti. Yabaki nione aibu kila nikifungua.

Gari lilikuwa limezama, kama nilivyosema huzama. Kijiji kilitusukuma. Nilipotaka kupanda upande wa usukani Biubwa alisimama mlangoni. Hakupaza sauti. Alisema leo sishiki usukani, na kama nataka kubishana tubishane hapahapa mpaka giza. Nikamwambia hajui kuendesha. Akasema gari hili linajiendesha lenyewe, nimemwambia hivyo mimi mwenyewe, kilichobaki ni mtu wa kukaa humo.

Nikapanda kushoto, mahali pake. Nikamwonyesha klachi. Injini ikazimika mara mbili, mara ya tatu ikashika, na tukaondoka kwa gia ndogo, namba moja, mafuta hayajaguswa.

Tulitoka Masoko saa tano na nusu. Tulifika Tukuyu karibu na Magharibi. Njia nzima kwa sailensa. Kila aliyekuwa akitembea kwa miguu alitupita. Walimu walitupita, mtu mwenye ng'ombe alitupita, kijana mmoja akageuka akatuuliza kama tuna msiba, na Biubwa akamjibu kwamba hatuna, tumeukimbia. Kwenye vilima gari lilipanda bila kulalamika. Kwenye miteremko gia ililishika lisikimbie. Mguu niliufunga kwa kanga, damu ikawa inalowesha taratibu, na mimi nilikuwa nikimwambia kushoto kidogo, kulia kidogo, shimo hilo. Baada ya saa mbili sikuwa na la kumwambia tena. Alikuwa akiyaona mashimo kabla yangu.

Nilimtazama. Nilidhani huyu alipanda gari langu ili kulinda faida.

Jumatatu, 2 Mei
Daktari ni yuleyule. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Kasema vidole viwili vidogo haviwezi kuokolewa, ila mguu labda.

Alhamisi, 5 Mei
Vimekatwa. Ackson kaja na Tusekile, wameleta maharage na salamu. Bibi Atupokile kampa mtu mkungu mzima aniletee. Ndizi mbivu. Biubwa kawagawia wagonjwa wenzangu mbele ya macho yangu.

Jumapili, 22 Mei
Jana Idd, nimeswali nyumbani nimekaa. Baada ya kula Biubwa kaniambia nimfundishe gari. Nikamwambia kuna shule Mbeya. Kasema mwalimu anamtaka wa hapa.

Jumanne, 24 Mei
Uwanja wa mpira, asubuhi, ukungu. Mimi kushoto na mkongojo. Masharti yangu: wiki nzima mguu wa kulia hauruhusiwi kwenye mafuta. Klachi na breki tu. Ashike, aachie, asimame. Ashike, aachie, asimame. Mtu akiweza kulituliza gari kwenye sailensa, mengine atajifunza. Nilifundishwa hivyo na fundi wa kwanza niliyekutana naye, nikasahau neno la tatu.

Jumatano, 25 Mei
Kashika, kaachia, kasimama.

Alhamisi, 2 Juni
Leo nimemruhusu mafuta. Tulikimbia hadi goli la upande wa pili. Alicheka kama msichana, nami nikakanyaga sakafu kwa mguu wangu mbovu kutafuta breki isiyokuwapo.

Ijumaa, 17 Juni
Mtahini wa leseni katoka Mbeya. Alimsimamisha katikati ya kilima kikali kuliko vyote, akamwambia aondoke bila kurudi nyuma. Gari halikurudi hata unene wa kucha. Mtahini akauliza nani kamfundisha. Biubwa kasema kafundishwa na mume wake. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe kando ya barabara, na nilijifanya natengeneza mkongojo.

Jumatatu, 20 Juni
Mvua imekwisha, baridi imeingia, Mlima Rungwe umeonekana wote asubuhi.

Ackson kamaliza msimu wa majani mengi, karudi kwetu. Barabara ya Masoko imekauka, ile michirizi imekuwa migumu kama sementi. Tulipofika nyumba ya kwanza nilingoja Biubwa aingize gia ndogo. Aliingiza. Gari likatambaa mpaka mbele ya mikungu. Kisha akakanyaga klachi, akakanyaga breki, akavuta breki ya mkono, akazima moto. Gari likasimama kabisa. Nyumba ya pili hivyohivyo. Nikamwambia kwa mwendo huu tutafika jioni. Akasema jioni pia ni siku.

"Na masika yakirudi?" nilimuuliza. "Ukisimama litazama."

"Litazama tutalisukuma," alisema. "Watu wapo."

Kwa Bibi Atupokile alishuka, akamzunguka hadi mbele ili aonekane, akamwamkia. Bibi akalichungulia gari, akaniona nimekaa kushoto. Akaja akasimama dirishani, akanishika shavu kama nilivyomwona akimfanyia Biubwa.

"Ndaga fijo, Maulidi," alisema.

Sikumuuliza ananishukuru kwa lipi.

Dereva: Biubwa binti Hasheem. Safari: Masoko na kurudi. Mzigo: mikungu 46. Abiria: mmoja.